“I look forward to hear” au “to hearing”: ipi iandikwe katika barua rasmi?

Mama Katibu, Igombe:

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Naomba msaada katika jambo dogo ambalo limeikwamisha barua yetu tangu juzi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wanaokausha na kuuza dagaa hapa Igombe, na tumeamua kuomba vichanja vya kukaushia pamoja na maturubai, kwa sababu nyakati za mvua dagaa wanaoanikwa juu ya mchanga huharibika au huporomoka bei kabla hatujawafikisha kwenye mwalo wa Kirumba. Shirika tunaloliandikia lina ofisi yake nje ya nchi na limeagiza kwamba maombi yote yaandikwe kwa Kiingereza, kwa hiyo hatuna namna ya kuikwepa lugha hiyo.

Kamati imeikubali barua nzima isipokuwa sentensi ya mwisho. Mimi niliandika: “We look forward to hearing from you.” Mweka hazina wetu, binti aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana, anasema hilo ni kosa, kwa kuwa baada ya “to” kitenzi hubaki katika umbo lake la asili: “to go”, “to eat”, “to hear”. Anasema hajapata kuona mahali popote katika madaftari yake pameandikwa “to going” wala “to eating”, na kwa hiyo “to hearing” haiwezi kuwa sahihi. Hoja yake ina nguvu, maana nikiulizwa kwa nini niliandika hivyo sina jibu zaidi ya kwamba ndivyo nilivyoiona katika barua za watu wengine. Na hiyo “to hear” nayo nimeiona mara nyingi, tena katika barua zenye mihuri. Mwenyekiti ameagiza barua isitoke mpaka tupate uhakika.

Ninaomba kujua mambo mawili. Kwanza, ipi ni sahihi na kwa sababu gani, ili niweze kumweleza binti huyu kitu kinachoeleweka badala ya kumwambia tu kwamba mimi ndiye mkubwa. Pili, je, sentensi hiyo ina adabu ya kutosha kwa ofisi ambayo haina deni lolote nasi, au inasikika kama vile tunawadai jibu?

Steshenari, Kirumba:

Mama Katibu, sahihi ni “to hearing”. Kazi yangu ni kuchapa barua za watu na kutoa kopi, na ninaweza kukwambia bila kusita kwamba wanaoniletea “to hear” ni wengi kuliko wanaoniletea “to hearing”. Sababu mojawapo ni kwamba barua nyingi za maombi ya kazi hapa mjini huandikwa juu ya barua ya zamani iliyomo kwenye flashi ya mtu. Anabadilisha jina, tarehe na anwani, kisha mistari ya mwisho anaiacha kama alivyoikuta, na aliyeiandika mara ya kwanza hajulikani. Hakikisha pia tahajia ya “forward”. Wengi huandika “foward” kwa kuisahau “r” ya kwanza, na wengine huandika “foreword”, ambalo ni neno la dibaji ya kitabu. Sarufi yenyewe nawaachia walimu.

Mwalimu wa Kiingereza, Sengerema:

Mama Katibu, umeandika sawasawa, na mweka hazina wako naye hakuikosea kanuni aliyofundishwa. Kilichobaki ni yeye kuambiwa kwamba Kiingereza kina “to” mbili ambazo zinafanana kwa sura na kwa matamshi lakini zinafanya kazi tofauti. “To” ya kwanza hutangulia kitenzi, kama “ku-” yetu inavyotangulia katika “kusikia”, na hiyo hufuatwa na kitenzi kisicho na nyongeza yoyote: “We want to hear”, “We hope to hear”, “They agreed to come”. “To” ya pili ni kihusishi, ndugu wa “in”, “for”, “about” na “without”, na kihusishi cha Kiingereza hutaka nomino mbele yake: “to Mwanza”, “to the office”, “to your letter”. Inapotokea kwamba tunataka kuweka kitenzi mahali hapo pa nomino, kitenzi hicho hulazimika kuvaa “-ing” ili kisimame kama nomino. Mweka hazina wako hawezi kuandika “Thank you for listen” wala “He left without eat”. Ataandika “for listening” na “without eating” bila hata kufikiri. “To hearing” inafuata kanuni hiyo hiyo, ila inamshangaza kwa sababu miongoni mwa vihusishi hivyo vyote ni “to” peke yake yenye pacha anayekaa mbele ya kitenzi kitupu.

Sasa, tutajuaje kwamba “to” iliyomo ndani ya “look forward to” ni ile ya pili? Ondoa kitenzi kinachofuata na uweke nomino, au uweke “it”, kisha usikilize. “We look forward to your reply” inakubalika. “We look forward to the meeting” inakubalika. “We look forward to it” nayo inakubalika. Kwa hiyo mahali hapo ni pa nomino, na kitenzi kikipita hapo kitavaa “-ing”. Fanya hivyo kwa “hope”: “We hope to your reply” haikubaliki hata kidogo, wala “We hope to it”, na ndiyo maana tunaandika “We hope to hear from you” bila “-ing”. Ninasisitiza hili la pili kwa sababu mtu akishaonyeshwa kosa la “to hear” huogopa, akaanza kuitia “-ing” kila mahali, na nimekwisha kusoma “We hope to hearing from you” katika insha za wanafunzi walioelewa nusu ya somo.

Kwa nini kosa hili linatukaa sana sisi? Nadhani ni kwa sababu Kiswahili hakina haja ya maumbo mawili. Wote tulifundishwa nomino za kitenzi-jina kwa ule mfano wa “Kuimba kwake kunapendeza”. “Kuimba” hapo ni nomino kamili ya ngeli ya KU. Inachukua “kwake”, na kitenzi kinapatana nayo. Lakini katika “Anataka kuimba” umbo ni lilelile, halikubadilika hata herufi moja, na ukitanguliza kihusishi ukasema “kwa kuimba” bado ni lilelile. Mwingereza hapo anatumia maumbo tofauti: “Her singing is beautiful”, “She wants to sing”, “by singing”. Basi tunapofikiri “tunatazamia kusikia kutoka kwenu”, hiyo “kusikia” inageuka kichwani kuwa “to hear”, kwa kuwa ndivyo kamusi zinavyoiandika, na kwa kuwa ndani ya “look forward to” tayari pana “to”, tunaikamata hiyo hiyo, tunaiunganisha na “hear”, na sentensi inaonekana imekamilika.

Kosa hili halikai katika barua tu, na kuna mahali linapobadilisha maana kabisa. Chukueni “used to”. Nikiandika “Dagaa fishermen used to work with pressure lamps”, ninasema kwamba zamani wavuvi wa dagaa walikuwa wakitumia karabai, na msomaji ataelewa kwamba siku hizi mambo yamebadilika, kama yalivyobadilika kweli kwa wengi waliohamia taa za betri na za jua. Nikiandika “Dagaa fishermen are used to working at night”, ninasema kwamba wamezoea kazi ya usiku, na wanaifanya mpaka leo. Katika sentensi ya kwanza “to” ni ya kitenzi. Katika ya pili ni kihusishi, na ndiyo maana “we are used to it” inawezekana. Mtu anayeandika “are used to work” anamwacha msomaji akijiuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililokusudiwa.

Mfano mwingine unawahusu ninyi moja kwa moja. Tuseme mnataka kueleza kwamba, mbali na kukausha dagaa, kikundi kinauza pia sangara. Mkiandika “In addition to dry dagaa, the group sells Nile perch”, msomaji atasoma “dry” kama kivumishi na kuelewa “mbali na dagaa wakavu”, maana yake mnauza bidhaa mbili. Mkiandika “In addition to drying dagaa”, ataelewa kazi ya kukausha. Zote mbili ni Kiingereza sahihi lakini hazisemi jambo moja, na katika barua ya kuomba vichanja ni hiyo kazi ya kukausha ndiyo mnayotaka ionekane.

Wengine wa kundi hili ni “object to”, “with a view to”, “be opposed to”, “get used to” na “be committed to”. Huyu wa mwisho anateswa sana katika mipango mkakati na katika mabango ya milangoni, ambamo “committed to serve” imeota mizizi. Katika maandishi yenu wekeni “committed to serving” na mtakuwa salama.

Mama Katibu, Igombe:

Mwalimu, nashukuru kwa moyo wote. Nimemsomea mweka hazina maelezo yako yote naye ameyakubali, isipokuwa ameleta swali ambalo mimi nimeshindwa kulijibu, na ninaliandika hapa kama alivyolisema. Barua yetu inaanza hivi: “We are writing to request your support.” Anasema kwamba ukifanya jaribio lako la kuweka nomino au kiwakilishi, “We are writing to the director” ni sentensi sahihi, na “We are writing to you” ni sahihi vilevile. Kwa hiyo, kwa mujibu wa jaribio hilo, tungepaswa kuandika “We are writing to requesting”, jambo ambalo hata yeye anaona si sawa. Je, jaribio lina kasoro?

Mwalimu wa Kiingereza, Sengerema:

Mwambie binti huyo kwamba ameuliza swali ambalo ningependa kuulizwa darasani. Jaribio halina kasoro, ila mimi nililieleza kwa haraka. Nomino unayoiweka lazima isimame mahali pa kitenzi kwa maana ileile, yaani itaje tendo lenyewe. “Your reply” inachukua nafasi ya “hearing from you” na maana haibadiliki, kwa sababu kupata jibu lao na kusikia kutoka kwao ni jambo moja. Lakini katika “We are writing to you”, neno “you” halichukui nafasi ya “request”; linamtaja anayeandikiwa, na hiyo ni “to” nyingine iliyokuja kwa kazi nyingine. Mwambie ajaribu nomino ya tendo la kuomba: “We are writing to a request”. Haina maana yoyote. Kwa hiyo “to” iliyomo katika “writing to request” ni ya kitenzi.

Akitaka jaribio la pili la kuhakikisha la kwanza, aweke “in order” kabla ya “to”. “We are writing in order to request your support” inakaa vizuri, kwa kuwa ombi ndilo kusudi la kuandika. “We look forward in order to hear from you” itamaanisha kwamba tunakaza macho mbele ili tupate kusikia, na hakuna mtu aliyekusudia kusema hivyo. Majaribio haya mawili yakitumika pamoja, sentensi zitakazobaki na utata ni chache.

Mfasiri, Nyegezi:

Nimemfuata Mwalimu hatua kwa hatua na ninakubaliana na hitimisho lake, lakini lawama aliyokitwika Kiswahili naiona imezidi. Wanaokosea “to hear” si Waswahili peke yao. Wafaransa na Wahispania nao huikosea, na ukitazama lugha zao unaona kwa nini: kwao kitenzi kisichonyambuliwa ndicho kinachofuata baada ya vihusishi vingi, kwa hiyo mahali ambapo Mwingereza anasema “without eating”, Mfaransa anasema “sans manger” na Mhispania “sin comer”, yaani “bila kula”, kama sisi tu. Kinachohitaji kuelezwa, kwa maoni yangu, ni Kiingereza chenyewe na hiyo tabia yake ya kuwa na “to” mbili.

Nazo hazikuwa mbili tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichotumika kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, “to” iliyotangulia kitenzi ilikuwa kihusishi kilekile cha kawaida, na kitenzi kilichofuata kilipewa kiambishi tamati kilichokifanya kiwe kama nomino iliyotawaliwa na kihusishi hicho. Baadaye viambishi hivyo vya mwisho vilimomonyoka katika matamshi, “to” ikapoteza uzito wake wa kihusishi mbele ya kitenzi na kubaki alama tu, huku umbo la “-ing” likichukua kazi ya nomino. Matokeo ni kwamba mpaka uliochorwa kati ya “to” hizo mbili haukuchorwa siku moja, na maneno mengine yamewahi kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mkisoma vitabu vya Kiingereza vya karne ya 18 na ya 19 mtakutana na “accustomed to do”, ambayo leo mhariri angeigeuza kuwa “accustomed to doing”. Ninalitaja hili kwa sababu binti wa Igombe anaweza kesho kukutana na mfano wa namna hiyo na kudhani kwamba Mwalimu amempotosha.

Niongeze jambo moja la uzani. “We look forward to hear from you” haimzuii mtu yeyote kuelewa, na sidhani kwamba kuna ofisi itakayoliweka kando ombi zuri la vichanja kwa sababu ya herufi tatu. Ningekuwa mimi, muda wa kamati ningeutumia zaidi kwenye takwimu za kiasi cha dagaa kinachoharibika kila msimu, maana hapo ndipo msomaji wa barua atakapokaa. Lakini kwa kuwa sahihi haiongezi gharama yoyote, iwekeni sahihi.

Karani Mstaafu wa Masijala, Isamilo:

Nimesoma mjadala kwa furaha, nami nitajibu swali la pili la Mama Katibu, ambalo naona limepitwa. Barua zimepita mikononi mwangu tangu zama za mashine za kupiga chapa na karatasi za kaboni, na adabu ya barua nimeijifunza kwa kusoma za wengine.

Sentensi hiyo haidai jibu. Inasema tu kwamba jibu litapokelewa kwa furaha, na kwa mtu anayeomba hiyo inatosha. Inayodai ni ile ya kuongeza muda, kama “We look forward to hearing from you by Friday”, ambayo inafaa kwa mfanyabiashara anayesubiri bei lakini haifai kwa mwombaji. Mimi pia sipendi “We look forward to your positive response”, ingawa imeenea sana katika barua zetu za Afrika Mashariki, kwa sababu inamwamulia mkubwa jibu kabla hajafungua faili. Wengine wataniona mkali. Basi wawekeze ukali wao kwingine, mimi nimeshazeeka na wangu.

Tofauti ya “We look forward” na “We are looking forward” ni ya heshima wala si ya sarufi. Ya kwanza ni rasmi zaidi na ndiyo ya kuandikia ofisi msiyoifahamu. Ya pili ina uchangamfu, na inafaa kwa mtu mliyekwisha kuzoeana naye. Iko pia ile ya kuanza na “Looking forward to hearing from you” na kuweka nukta hapo hapo. Hiyo si sentensi kamili, kwa kuwa haina mtendaji wala kitenzi kikuu. Ni mabaki ya hitimisho la kizamani, ambapo mwandishi alisema “Looking forward to hearing from you, I remain, Sir, yours faithfully”, na sehemu ya kwanza ilitegemea “I remain”. “I remain” imekufa, sehemu ya kwanza imebaki ikining’inia. Katika barua pepe kwa rafiki haina ubaya. Katika barua ya maombi iacheni.

Na kirai hiki hutumika kwa jambo linalotazamiwa kwa furaha. Nimewahi kuona barua ya kumdai mpangaji kodi ya miezi kadhaa, yenye vitisho vya kumtoa vyombo nje, ikahitimishwa kwa “We look forward to meeting you in court”. Kama mwandishi alikusudia kejeli, alifaulu, nadhani hakukusudia.

Kwa kuwa tuko kwenye barua, Mama Katibu, tazama pia mwanzo wake. Umefanya vizuri kuanza na “We are writing to request”. Wengi huanza na “Refer to the above heading”, ambayo ni tafsiri ya “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, na kwa Kiingereza neno “Refer” likisimama peke yake namna hiyo ni amri. Unamwamuru mtu unayemwomba. Nayo “RE:” iliyotangulia kichwa cha habari, ambayo kwetu tunaiandika “YAH:”, ni neno la Kilatini lenye maana ya “katika jambo la”, kwa hiyo halihitaji kufuatwa na “Regarding” wala “Concerning”.

Mwisho wa barua hutegemea mwanzo wake. Kwa desturi ya Uingereza, ambayo ndiyo tuliyoirithi, ukianza na “Dear Sir or Madam” bila jina, unamaliza kwa “Yours faithfully”; ukianza na jina, kwa mfano “Dear Mrs” likifuatiwa na jina la ukoo, unamaliza kwa “Yours sincerely”. Neno la pili halianzi kwa herufi kubwa. Wamarekani huandika “Sincerely” au “Sincerely yours” na hawajali sana utengano huu, kwa hiyo mkijua ofisi iko wapi mtajua mfuate desturi ipi.

Mama Katibu, Igombe:

Shikamoo Mzee wangu wa Isamilo, na asanteni nyote. Kamati imekaa jana jioni na sasa wote tumekubali “to hearing”. Hata hivyo, mwenyekiti ameona ni vizuri tuwakaribishe wafadhili waje kuona mahali tunapokaushia, na aya ya mwisho imeongezwa ikawa hivi: “Our members will be glad to show you the drying site at Igombe. We look forward to you visit us and to hear from you.” Mweka hazina anasema “to show” iachwe ilivyo, lakini ana wasiwasi na sentensi inayofuata, na mimi vilevile. Tunaomba mtutazamie kabla haijachapwa.

Karani Mstaafu wa Masijala, Isamilo:

Marahaba, Mama Katibu. Utaratibu kwanza: jibu hutangulia ziara, kwa hiyo geuzeni. Wasikieni kwanza, kisha waje. Mengine ni ya Mwalimu.

Mwalimu wa Kiingereza, Sengerema:

Mweka hazina yuko sahihi katika yote mawili. “Glad to show” ni ya kitenzi, kwa sababu huwezi kusema “glad to it”, kwa hiyo iacheni. Katika sentensi ya pili, “look forward to” inatawala pande zote mbili za “and”, na mtu husahau hilo anapofika upande wa pili kwa sababu maneno yamekuwa mengi. “To hear” lazima iwe “to hearing” hata ikiwa mbali na “forward”. Kuhusu ziara, “to you visit us” haiwezekani. “To you visiting us” husemwa sana mdomoni, “to your visiting us” ni rasmi zaidi kwa kuwa “visiting” imesimama kama nomino na nomino huchukua “your”, kama vile “kuja kwenu” kunavyochukua “kwenu”. Lakini Kiingereza kina nomino “visit” iliyo tayari, na penye nomino iliyo tayari hakuna haja ya kutengeneza nyingine. Nikifuata utaratibu wa Mzee, ningeandika:

“Our members will be glad to show you the drying site at Igombe. We look forward to hearing from you and, if time allows, to your visit.”

Koma zote mbili zibaki mahali pake, kabla ya “if” na baada ya “allows”. Kisha, kama mmeanza na “Dear Sir or Madam”, shukeni mstari na muandike “Yours faithfully”, koma, saini ya mwenyekiti, na jina lake lichapwe chini ya saini kwa sababu hakuna anayeweza kusoma saini.